Landrova 109: mshale wa joto unakimbilia H (moto). Sensa mpya, seti ya mtumba au geji ya mrija?

Mwana_wa_Raskazone
Jumatatu, saa 2:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatoa hela mfukoni.

Nina Landrova 109 niliyoachiwa na marehemu baba. Tangu wiki iliyopita geji ya joto imenikosesha amani. Nawasha asubuhi, natoka Raskazone hapa Tanga, sijamaliza mjini mshale umeshapita katikati. Nikifika Kange umelalia H. Nimezunguka kwa mafundi watatu na kila mmoja ana lake.

Wa kwanza anasema ni sensa, kile kipima joto kilichofungwa kwenye injini, nibadilishe, ipo dukani Ngamiani kwa elfu 25, ya Kichina. Wa pili anasema geji zenyewe zimechoka, ninunue seti nzima ya dashibodi ya mtumba. Iko kwa jamaa Arusha, laki na themanini mpaka inifikie stendi. Wa tatu anasema nisihangaike na umeme, nifunge geji ya mrija, ile yenye kimrija cha shaba kinachoingia moja kwa moja kwenye maji. Elfu 95 pamoja na ufundi.

Jumamosi nampeleka mama Lushoto, mtoto wa dada yangu anaolewa. Kupanda mlima ule na geji nisiyoielewa roho haitatulia. Kati ya hizo tatu nishike ipi? Nawasilisha.

Fundi_Umeme_12
Jumatatu, saa 2:31 usiku

Mkuu, 109 ipi? Toleo la Series two A au three? Petroli au dizeli? Maji yanachemka kweli au ni mshale tu ndio unaosema hivyo? Na geji ya mafuta inasomaje? Bila majibu ya haya maswali tutakuwa tunakubahatishia, na wewe ndiye utakayelipa.

Pejo_Moyoni
Jumatatu, saa 2:40 usiku

Pole kaka. Mimi na Landrova tuliachana zamani. Pejo 504 feni yake inajishika yenyewe kwa sumaku joto likipanda na kujiachia likishuka. Mfaransa aliifikiria nchi ya joto. Nimeendesha yangu Tanga hadi Horohoro mchana wa Februari na mshale haujawahi kugusa nyekundu.

Fundi_Umeme_12
Jumatatu, saa 2:44 usiku

@Pejo_Moyoni ndugu yangu, hajauliza anunue gari gani. Amerithi gari la baba yake. Tumsaidie hilo.

Mzee_wa_Mkonge
Jumatatu, saa 3:05 usiku

Mwanangu, shika geji ya mrija na usitazame nyuma. Nimefanya kazi gereji za mashamba ya mkonge huku Tanga zaidi ya miaka 20. Matrekta yetu yote yalikuwa na geji za mrija na zilitutoa kimasomaso. Ile haijui betri wala fyuzi wala ethi (njia ya umeme kurudi kupitia bodi). Mwishoni mwa mrija kuna kitunguu kidogo cha shaba chenye kimiminika ndani. Maji yakipata moto kile kimiminika kinatoa mvuke, mvuke unasukuma kwenye mrija hadi nyuma ya geji. Kule kuna kibomba kilichopinda kama mundu. Kikisukumwa kinataka kunyooka, na kikinyooka kinavuta mshale. Basi, hayo ndiyo yote. Hakuna wa kukudanganya hapo katikati.

Abuu_wa_Makorora
Jumatatu, saa 3:12 usiku

Kabla ya yote toa themostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta injini ikiwa baridi. Pwani hii ya kwetu themostati ya nini? Ile ni kitu cha nchi za barafu.

Mwana_wa_Raskazone
Jumatatu, saa 3:50 usiku

Shikamoo Mzee wa Mkonge, nakushukuru sana. Wakuu wengine samahani, nilikuwa msikitini.

Ni Series three, petroli, injini ile ya cc 2286. Kadi inasema 1978. Maji hayachemki kwa macho yangu. Nikizima na kusikiliza hakuna mngurumo kwenye rejeta, na tangi la akiba la maji halifuriki. Geji ya mafuta sijaiangalia sana kwa sababu huwa naweka ya elfu 50 nikihesabu kilomita. Kesho nitaiangalia.

Mzee_wa_Mkonge
Jumatatu, saa 3:58 usiku

Marahaba mwanangu. Nilimfahamu marehemu, kama ndiye yule aliyekuwa na 109 ya kijivu yenye keria ya mbao juu.

Mwana_wa_Raskazone
Jumatatu, saa 4:02 usiku

Ndiye mzee wangu. Ile keria ipo hadi leo.

Dada_wa_Muheza
Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Nimesoma uzi mzima na nimeona hakuna aliyesema jambo ninalolijua kwa gharama. Kaka, wewe unaogopa mshale uliopanda. Mimi naomba uuogope pia ulioshuka.

Nilikuwa na pikapu ya Pejo 504, nikibeba machungwa kutoka Muheza kwenda Dar. Msimu mmoja nimetoka Segera kama saa 4 asubuhi, mzigo umejaa hadi juu ya mbao, nyuma wamekaa wapakuzi wawili. Mshale siku zote ulikuwa unakaa katikati. Tulipokaribia Mkata nikaona umepanda kidogo, ukasimama, halafu ukaanza kushuka wenyewe. Ukashuka hadi C (baridi). Nikamwambia dereva wangu mdogo aliyekuwa pembeni: Alhamdulillahi, injini imepoa, upepo wa asubuhi umetusaidia. Nikakanyaga.

Hazikupita dakika kumi nikasikia harufu kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Gari likaanza kukosa nguvu, nakanyaga halijibu. Halafu sauti ya chuma kwa chuma, fupi, na injini ikasimama. Sikuizima mimi, ilisimama yenyewe. Nimefungua boneti rangi ya kava la valvu imebabuka, na bomba la chini la rejeta limepasuka upande wa ndani pasipoonekana. Maji yote yalikuwa yameisha njiani kitambo.

Fundi aliyenivuta ndiye aliyenieleza. Sensa iko juu, inapima maji. Maji yakiisha haipimi kitu, imening'inia kwenye hewa, kwa hiyo mshale unarudi C huku chuma kinaungua. Hedi (kichwa cha injini) ilipinda, pistoni mbili zikashika ukutani. Machungwa nikayauza palepale kandokando ya barabara kwa bei ya kutupa, mengine yakaozea Mkata. Ukarabati ulinila zaidi ya milioni moja na nusu na msimu ukaisha nikiwa nyumbani.

Kwa hiyo hata ukifunga geji ya mrija ya Mzee wangu hapo juu, ni hivyo hivyo, nayo inataka maji ili iseme kweli. Mshale ukishuka ghafla bila sababu, simama. Usishukuru kwanza.

Pejo_Moyoni
Jumanne, saa 1:41 asubuhi

Pole sana dada. Lakini hilo ni bomba lililopasuka, si kosa la Pejo.

Dada_wa_Muheza
Jumanne, saa 1:45 asubuhi

Sijaitaja Pejo kwa ubaya kaka. Nimetaja mshale.

Mwana_wa_Raskazone
Jumanne, saa 3:15 asubuhi

Dada asante, hilo sikulijua kabisa. Nimeishika.

Fundi Umeme, nimeangalia geji ya mafuta. Jana niliweka lita 20, tangi lilikuwa karibu kukauka. Leo mshale unasema limejaa.

Fundi_Umeme_12
Jumanne, saa 4:00 asubuhi

Hapo sasa tunazungumza. Geji ya mafuta ina sensa yake kwenye tangi, ya joto ina sensa yake kwenye injini. Haziwezi zote mbili kuharibika wiki moja na kwa namna moja. Zikisoma juu pamoja, tafuta kitu zinachochangia, na zinachangia kitu kimoja: stabilaiza, kidude kinachosawazisha umeme wa geji.

Iko nyuma ya dashibodi, kidude cha bati kidogo kuliko kiberiti, kina miguu miwili iliyoandikwa B na I. B inapokea umeme wa betri, ambao injini ikiwaka unafika volti 14. I inatoa kwenda kwenye geji, na geji hizi zimetengenezwa kwa volti 10. Ndani yake kuna utepe wa metali mbili uliozungushiwa waya mwembamba. Umeme ukipita kwenye waya utepe unapata moto, unapinda, unakata. Ukipoa unarudi, unaunga. Kata, unga, kata, unga, na wastani wake ni 10. Ndiyo maana ukipima kwa mita ya namba unaona tarakimu zinarukaruka na mtu anadhani mita imeharibika.

Sasa ule waya unapata njia ya umeme kupitia bati la kidude chenyewe kugusa bodi ya gari. Kutu ikiingia hapo, ethi inapotea. Waya haupati moto, utepe haupindi, na volti zote 14 zinakwenda kwenye geji. Zote mbili zinapanda. Wewe uko Raskazone, unalala na bahari. Gari likikaa pale miaka, kila skrubu iliyoshika ethi inageuka unga wa kahawia.

Fanya hivi, haitakugharimu kitu. Chukua waya mfupi, ncha moja ibane kwenye bati la stabilaiza, nyingine kwenye chuma safi kilichokwanguliwa rangi. Washa swichi, ngoja dakika moja au mbili, maana geji hizi mshale wake unatembea polepole. Mishale yote miwili ikishuka, umempata.

Halafu thibitisha na upande wa joto. Chomoa waya wa sensa kwenye injini, ule wa kijani wenye mstari wa bluu. Mshale unatakiwa ulale C. Ukibaki juu wakati waya uko hewani, waya umechubuka mahali na unagusa bodi. Kisha gusisha ncha ya waya kwenye injini sekunde mbili tatu tu, mshale uanze kupanda. Usiuachie pale, utaunguza geji na ndipo utakapoihitaji kweli ile seti ya Arusha.

Abuu_wa_Makorora
Jumanne, saa 4:20 asubuhi

Na themostati atoe.

Fundi_Umeme_12
Jumanne, saa 4:33 asubuhi

Abuu, asitoe. Gari nyingine labda, lakini injini hii ya lita 2.25, ndiyo hiyo 2286 yake, ina njia ya pembeni, bomba fupi linalotoka kwenye nyumba ya themostati kurudi kwenye pampu ya maji bila kupita rejeta. Themostati sahihi ya gari hili ikifunguka inaiziba ile njia. Ukiitoa, njia inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji ya moto inazunguka injini bila kuiona rejeta. Mlima mrefu kama wa Lushoto ndipo utakapoona madhara. Watu wanatoa themostati ili gari lipoe, kumbe wameliongezea moto.

Mzee_wa_Mkonge
Jumanne, saa 6:10 mchana

Kijana, unasema kitaalamu na nakuheshimu. Lakini shambani tulizitoa zote, Landrova kumi na kitu, na zilifanya kazi kiangazi na masika.

Fundi_Umeme_12
Jumanne, saa 6:18 mchana

Mzee wangu shikamoo. Shambani mlikuwa mnatembea kilomita 20 kwa saa, tambarare, na mlikuwa na mtu wa kukagua maji kila asubuhi. Na naomba nikuulize kwa heshima, injini zilikuwa zinadumu muda gani kabla ya kufunguliwa?

Mzee_wa_Mkonge
Jumanne, saa 6:40 mchana

Marahaba. Tulikuwa tunafungua mara kwa mara, sikufichi. Silinda zilikuwa zinalika. Tulidhani ni vumbi la mkonge.

Abuu_wa_Makorora
Jumanne, saa 7:02 mchana

Inaweza kuwa vumbi kweli mzee. Mimi teksi yangu haina themostati mwaka wa nne huu na inadunda.

Fundi_Umeme_12
Jumanne, saa 7:09 mchana

Teksi yako ni Corolla, Abuu. Na mafuta inakula kiasi gani ukilinganisha na ya mwenzako yenye themostati? Injini isiyofikia joto lake inamwaga petroli, na ile petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda. Vumbi linachangia, lakini baridi nayo inasaga.

Mshambaa_wa_Soni
Jumanne, saa 2:30 usiku

Niko huku juu, naomba niongezee moja kwa ajili ya safari ya Jumamosi. Hapo Tanga mko usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Lushoto ni karibu mita 1,400, maji yanachemka kwenye 95 hivi. Kinachokuokoa ni kofia ya rejeta, kwa sababu inashikilia mgandamizo ndani na kuyazuia yasichemke mapema. Kila pauni moja ya mgandamizo inakuongezea kama nyuzi moja na nusu. Kofia ikiwa mpira wake umekauka, huko chini hutajua, gari litakwenda vizuri tu. Ukifika kona za juu ya Mombo ndipo litakapotema maji. Naona kila wiki watu wamesimama njiani na madumu wakidhani injini imekufa, kumbe ni kofia.

Ifungue asubuhi gari likiwa baridi, uangalie mpira wa ndani. Ukiwa na nyufa, nunua nyingine, na iwe ya pauni zilezile zilizoandikwa juu yake. Usiweke ya pauni nyingi ukidhani ni bora, mabomba ya zamani yatapasuka.

Ukianza kupanda kutoka Mombo shika gia ya pili mapema, usisubiri injini ilie. Ukiona mshale unapanda, kama gari lina hita, ifungue yote. Mtaungua miguu nyinyi, lakini injini inapumua. Na ukisimama usizime papo hapo, iache isilensi (iungurume polepole bila kukanyaga) dakika chache, feni ifanye kazi.

Dada_wa_Muheza
Jumanne, saa 2:44 usiku

Maji usiweke ya kisima. Visima vingi vya huku kwetu vina chumvi na chokaa, yanaacha ukoko ndani ya rejeta kama wa birika la chai. Weka kulanti (maji maalumu ya rejeta), au angalau maji ya mvua.

Mwana_wa_Raskazone
Jumatano, saa 12:50 jioni

Wakuu, ripoti.

Nimelala chali chini ya dashibodi tangu alasiri na tochi mdomoni. Stabilaiza nimeiona. Skrubu yake imeliwa, kichwa kimebaki kama punje ya mtama, na bati la nyuma lina kutu ya magamba. Nimefunga waya wa ethi kama alivyosema Fundi. Geji ya mafuta imeshuka taratibu mpaka chini kidogo ya robo, ambayo ndiyo haki yake. Sikuamini macho yangu, nimeita mama aje aone.

Geji ya joto nayo imeshuka. Lakini injini ikipata moto vizuri haikai katikati kama zamani, inakaa juu ya katikati kwa upana wa mshale mmoja hivi. Kabla ya hapo nilichomoa waya wa sensa, mshale ukalala C. Nikagusisha, ukapanda.

Nilisahau kusema jambo. Mwezi wa tatu fundi mmoja alishabadilisha sensa. Alisema ya zamani inavuja.

Fundi_Umeme_12
Jumatano, saa 1:15 usiku

Mkuu, hilo lilikuwa la kusema Jumatatu. Limebadilisha mambo.

Sensa za Muingereza wa zamani zinafanana kwa umbo, uzi unaingia, waya unaingia, lakini ukinzani wake si mmoja. Kuna za geji za kale zisizo na stabilaiza, ambazo mshale wake unaruka mara moja ukiwasha swichi, na kuna za geji kama zako zinazopanda polepole. Ukifunga ya mwenzake, geji itasoma, lakini itasoma lugha nyingine. Na za siku hizi zisizo na jina ndizo mbaya zaidi. Ya zamani unayo?

Mwana_wa_Raskazone
Jumatano, saa 1:22 usiku

Fundi aliondoka nayo.

Mzee_wa_Mkonge
Jumatano, saa 1:30 usiku

Ndiyo maana nikasema mrija. Umeona? Leo ethi, kesho sensa, keshokutwa waya.

Dada_wa_Muheza
Jumatano, saa 1:36 usiku

Mzee wangu, mrija nao mtu akiukunja pale unapopita ukuta wa injini ndiyo mwisho wake, hauungwi. Na kukiwa hakuna mpira pale tundu linapopita, bati linaukata kwa mtikisiko. Nimeona.

Mzee_wa_Mkonge
Jumatano, saa 1:41 usiku

Kweli binti yangu. Lazima apite na mpira, na uliobaki uzungushwe duara, usivutwe.

Kijana_Redio
Jumatano, saa 2:05 usiku

Kaka, kuhusu stabilaiza usiinunue ya kale. Kuna kidude cha elektroniki kinaitwa 7810, kina miguu mitatu. Kinatoa volti 10 tulivu bila kuruka na kinabeba hadi ampea moja, geji zako mbili haziifikii. Mguu wa kwanza unapokea, wa kati ni ethi, wa tatu unatoa. Nimewafungia watu wawili hapa Ngamiani ndani ya bati la stabilaiza ileile ya zamani, ukitazama kwa nje huwezi kujua. Nitakufanyia kwa elfu 10 pamoja na kidude.

Fundi_Umeme_12
Jumatano, saa 2:12 usiku

Naunga mkono. Series three ethi yake ni hasi, hakuna tatizo. Ila kifunge mgongo kwenye bati kipoe, na ujue kinataka kipokee kama volti 12 na nusu kwenda juu ili kitoe 10 kamili. Injini ikiwa imezimwa na betri imechoka geji zitasoma chini kidogo. Ukiwa safarini altaneta inatosha.

Mzee_wa_Mkonge
Jumatano, saa 2:20 usiku

Vidude vya redio kwenye Landrova mimi sina imani navyo.

Mwana_wa_Raskazone
Alhamisi, saa 11:30 jioni

Kijana Redio amefunga leo. Mshale wa mafuta umetulia kabisa. Wa joto bado uko juu ya katikati, upana uleule. Je, ni sensa inadanganya au injini ina joto kweli? Nitajuaje?

Abuu_wa_Makorora
Alhamisi, saa 11:42 jioni

Tafuta kile kipima joto cha bunduki, walichokuwa wanatupima nacho kwenye paji la uso wakati wa korona. Mke wa jirani anacho, ni muuguzi.

Fundi_Umeme_12
Alhamisi, saa 11:50 jioni

Hicho hapana, cha binadamu kinaishia nyuzi 42 au 43. Kinatakiwa cha mafundi. Na usipige kwenye chuma kinachong'aa, kitasoma chini ya ukweli. Bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme kwenye nyumba ya themostati, upige hapo.

Mpita_Njia_Korogwe
Alhamisi, saa 3:00 usiku

Ninacho. Niko na gereji ndogo hapa Korogwe, barabara kuu. Jumamosi ukipita nipigie honi, tutapima injini ikiwa ya moto. Sitaki hela. Andika tu hapa unapita saa ngapi.

Mwana_wa_Raskazone
Alhamisi, saa 3:08 usiku

Mungu akubariki ndugu. Tunatoka baada ya swala ya alfajiri, Korogwe tutakuwa kwenye saa 2 na nusu asubuhi.

Mwana_wa_Raskazone
Jumapili, saa 3:40 usiku

Wakuu tumerudi salama, harusi imekwenda vizuri.

Korogwe tulipima mara tatu juu ya utepe mweusi: 84, 85, 84. Mshale muda huo ulikuwa juu ya katikati. Themostati tuliifungua pale pale, imeandikwa 82. Kwa hiyo injini iko sawa na sensa inazidisha.

Kofia ya rejeta niliibadilisha Ijumaa, mpira wa ile ya zamani ulikuwa unamegeka ukiugusa. Kupanda, juu kidogo ya Soni mshale ulikaribia kabisa mwanzo wa nyekundu. Nikafungua hita, mama akavua viatu. Nikasimama nikaiacha isilensi dakika tano, ukashuka. Hakuna tone lililotoka.

Sasa swali. Nitafute sensa halisi ya Series three, au niiache hii maana najua inazidisha kiasi gani, niweke alama ya rangi kwenye kioo cha geji?

Fundi_Umeme_12
Jumapili, saa 3:52 usiku

Tafuta sensa. Siku mwenzako atakapoendesha hataijua alama yako. Na ukiifunga usizungushe ule utepe mweupe wa mafundi bomba kwenye uzi, unaziba ethi, mshale utakaa C milele.

Mshambaa_wa_Soni
Jumapili, saa 3:58 usiku

Mimi ningeiacha. Geji inayozidisha inakusimamisha mapema, si vibaya.

Dada_wa_Muheza
Jumapili, saa 4:05 usiku

Mimi siafiki. Ukizoea kuidharau leo ikizidisha, utaidharau na siku itakaposema kweli.

Mzee_wa_Mkonge
Jumapili, saa 4:15 usiku

Mwanangu, kuna mabaki ya Series three mbili nyuma ya gereji ya zamani niliyofanyia kazi, njia ya Pongwe. Mlinzi ananijua. Njoo Jumanne baada ya alasiri na spana zako, tukaangalie kama sensa zake zipo. Tukikosa, basi utanisikiliza juu ya mrija.

Mwana_wa_Raskazone
Jumapili, saa 4:18 usiku

Nitakuja mzee wangu. Nitakuja nayo hiyo hiyo 109, uione keria.

Mwenye_Datsun_1200
Jumatatu, saa 2:00 asubuhi

Habari wakuu, samahani kuingilia. Na mimi geji ya mafuta ya Datsun yangu inasoma imejaa wakati tangi ni tupu. Nibadilishe boya la tangi?

Fundi_Umeme_12
Jumatatu, saa 2:25 asubuhi

Usinunue kitu bado. Ya joto inasomaje?